Ngazi bila chuma cha kushikia haijakwisha kujengwa: barua ya wazi kutoka Chake Chake

Kwa wenye dhamana ya majengo ya umma Unguja na Pemba: mawaziri, makatibu wakuu, wakurugenzi wa mabaraza ya miji na manispaa, wahandisi, na nyinyi maafisa mnaoandika zabuni.

Assalaamu alaykum.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yangu ipo Chake Chake. Kazi zangu ni mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma na magari ya ng'ombe. Nawaandikia juu ya kitu kinachokosekana kwenye majengo mengi ya umma visiwani kwetu, nacho ni chuma cha kushikia kwenye ngazi za nje. Nazungumzia zile ngazi za zege anazozipanda mtu kabla ya kufika mlangoni: za kituo cha afya, skuli, mahakama, afisi ya wilaya, soko. Ndani ya ghorofa chuma kwa kawaida kipo, maana kila mtu anaiona hatari ya kuanguka kutoka juu. Nje, kwenye mvua na jua, vidato sita, vinane au kumi na mbili vinaachwa vitupu. Jengo linapakwa rangi, linakabidhiwa, na watu wanaanza kupanda.

Ninaloomba ni hili. Ngazi ya nje isihesabiwe kuwa imekwisha mpaka iwe na chuma cha kushikia pande zote mbili, na chuma hicho kiandikwe kwenye mkataba kwa vipimo vyake tangu siku ya zabuni. Sheria ya haki za watu wenye ulemavu tunayo Zanzibar tangu mwaka 2006. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinazungumzia majengo yafikike na kila mtu. Kwa hiyo sikuombeni fadhila.

Ukitoa sehemu za Micheweni na pwani ya mashariki, Pemba ni vilima na mabonde. Chake Chake imekaa juu ya mgongo wa kilima, Mkoani inapanda moja kwa moja kutoka bandarini, Wete inateremka mpaka baharini. Huku jengo kubwa halisimami bila ya kukata ardhi au kuweka ngazi, na mara nyingi hufanywa yote mawili. Masika yakikaa, kuanzia Machi hadi Mei, zege la nje huota ukoga wa kijani, hasa upande usiopigwa na jua na chini ya miembe. Vuli ikija, ni yale yale. Misikitini nako kuna ngazi, na pale watu wanatoka kutawadha, nyayo bado zinachuruzika maji. Wasimamizi wa wakfu nao nawaomba waisome barua hii.

Na wanaopanda ni nani? Serikali yetu ndiyo iliyoanza mwaka 2016 kumlipa Pensheni Jamii kila mzee aliyefika miaka 70 kutoka kwenye mfuko wake yenyewe, awe aliajiriwa au alilima mihogo maisha yake yote. Ni jambo kubwa, na wazee wanaliombea dua. Mzee huyo huyo ana safari za hospitali na za afisini, na kila safari ina ngazi. Wapo pia waliowahi kuanguka mikarafuuni wakati wa mavuno. Pemba karibu kila mtaa una mtu wa aina hiyo, anatembea na mkongojo, mguu mmoja mfupi. Na siku ya kliniki ya watoto mtazameni mama anavyoshuka: mtoto yupo begani, mkono wa pili umeinua baibui asilikanyage, na kwenye vidole vya mkono huo huo ipo kadi. Mkono atakaounyoosha akiyumba ni ule wenye kadi, na upande autakao ni ule ule uliopo mkono.

Hapo ndipo penye sababu ya kusema pande zote mbili, na nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ndipo panapokatwa gharama kwanza. Mwenye kukata husema kimoja kinatosha. Mfikirieni mtu aliyepata kiharusi, mkono wake wa kulia haufanyi kazi. Chuma kipo upande mmoja tu, na anapopanda kipo kushoto kwake, anakishika, anafika mlangoni. Akimaliza kwa daktari anageuka kushuka. Chuma sasa kipo kulia, upande wa mkono uliolala. Atashuka bila ya kitu, au atashuka kinyumenyume akipapasa kidato kwa kisigino, au atangoja mtu mwema apite. Na kushuka ndiko kunakoangusha watu zaidi kuliko kupanda, kwa sababu anayeshuka akikosea mguu mwili wote unakwenda mbele na chini yake hakuna kitu. Chuma cha upande mmoja kinamsaidia mtu huyu nusu ya safari, tena ile nusu yenye hatari ndogo. Ngazi iliyopita upana wa mita 2 inahitaji na cha katikati, vinginevyo anayebanwa na watu katikati hana anachokifikia.

Mama yangu mkubwa aliteleza kwenye ngazi za kituo kimoja cha afya. Sikitaji, kwa sababu nataka ngazi zote zitengenezwe, sitaki mtu mmoja aaibishwe. Alikuwa amekwenda kupima presha, mvua imeanuka punde. Alivunjika nyonga. Mifupa ya mwanamke mtu mzima huwa imeshapungua nguvu, na nyonga ikivunjika katika umri ule si jambo la kufunga plasta na kusubiri. Sasa anatembea kwa fremu ndani ya nyumba, na nje hatoki bila ya mtu wa kumshika. Pembeni mwa ngazi ile palikuwa na kijiukuta kipana cha maua, kimefika magotini. Hakuna pa kushika.

Nilikwenda kuipima ngazi ile. Vidato vya juu vilikuwa na kimo cha sentimita 16, cha mwisho chini kilikuwa 19. Mafundi wenzangu wa ujenzi wanaijua sababu. Zege la ngazi hupigwa wakati uwanja haujasawazishwa. Uwanja ukija kujazwa kifusi, kidato cha chini kinakuwa kifupi; mvua ikichukua udongo, kinakuwa kirefu, na kila masika kinazidi kurefuka. Mguu wa mtu hujifunza kimo kwenye vidato viwili vitatu vya mwanzo, kisha macho hayatazami tena. Kanuni za ujenzi zinazotumika Marekani haziruhusu kidato kirefu kabisa na kifupi kabisa kwenye ngazi moja vipishane kwa zaidi ya milimita 9.5. Hapo pana milimita 30. Kuibomoa ngazi nzima na kuipiga upya ni kazi kubwa, na sikuombeni mbomoe kila mahali. Chuma ndicho kinachomdaka mtu pale mguu ulipokosea hesabu.

Lakini kiwe chuma kweli. Nimeitwa mara nyingi kutengeneza vilivyowekwa na watu wengine, na nawaambieni kwamba chuma kibovu ni hatari kuliko kutokuwepo, kwa sababu mtu anakiamini, anakiegemea kwa uzito wake wote, kinang'oka naye.

Kosa la kwanza ni unene. Naona ngazi zimefungwa paipu ya pembe nne ya inchi mbili kwa nne, au zimejengewa ukuta wa saruji wenye ubapa mpana juu, na mhandisi anaandika kuwa kishikio kipo. Kiganja hakikizunguki kitu kama hicho, kinakipapasa tu, na mtu anayeanguka hapapasi, anakamata. Kinachokamatika ni paipu ya duara yenye upana wa nje kati ya milimita 32 na 50. Paipu ya galvanaizi iuzwayo madukani kwa jina la inchi moja na robo ina milimita 42 kwa nje, na hiyo inafaa kwa mkono wa mwanamume, wa mwanamke na wa mzee. Inayoitwa ya inchi mbili ina milimita 60 kwa nje, ni nene mno. Tena iwe ile ya ukuta mzito, wa milimita 3 na kitu, kama ya maji. Ile nyepesi ya kutengenezea viti inapendeza siku ya uzinduzi, na hewa ya bahari inaitoboa upesi kutoka ndani.

Kimo kiwe sentimita 90 kutoka ukingoni mwa kidato, si kutoka popote fundi alipoona pazuri. Tunavuta uzi kutoka ukingo wa kidato cha juu mpaka ukingo wa kidato cha chini, na paipu inakwenda sambamba na uzi ule. Nguzo zinasimama wima kwa pima maji. Ngazi yenye vidato vya kimo cha sentimita 15 na makanyagio ya sentimita 30 ina mwinamo wa digrii kama 27, na hiyo ndiyo pembe ya kukatia vichwa vya nguzo. Chuma kinapopita karibu na ukuta kiachwe nafasi ya sentimita 5, kiganja kipite bila ya kuchunika vidole. Kwenye skuli za watoto wadogo iongezwe paipu ya pili, chini, kama sentimita 60. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuitegemea paipu ya mwalimu wake.

Linalosahauliwa kuliko yote ni ncha. Paipu nyingi zinaishia sawasawa na kidato cha mwisho, na nyingine zinaishia kabla yake. Pale ndipo watu wanapoanguka. Paipu iendelee mbele sentimita 30 kupita kidato cha juu, na chini ipite kidato cha mwisho kisha isonge mbele kidogo ikiwa imelala sawa na uwanja, ili mtu awe ameshika mpaka miguu yote miwili imekanyaga uwanja. Asiyeona vizuri anajua kwa mkono kuwa ngazi imekwisha, kwa sababu paipu imelala. Halafu ncha ikunjwe iangalie chini au irudi ukutani. Ikiachwa imechomoza inanasa mkono wa kanzu na pindo la baibui, na kitu cha kumzuia asianguke kinakuwa ndicho kinachomwangusha.

Sasa kukifunga kwenye zege. Ziko njia mbili. Moja ni kutoboa shimo na kuisimamisha nguzo ndani. Mimi natoboa sentimita 12 hadi 15 kwenda chini, mbali na ukingo kwa sentimita 10 angalau, kwa drili ya kuzungusha na maji. Ile ya kugonga inalipasua zege karibu na ukingo, na ufa unaanza kabla hata ya nguzo kusimama. Njia ya pili ni bamba la chuma la milimita 10 chini ya nguzo, na boliti nne. Boliti za kutanuka zinatia nguvu ya kupasua ndani ya zege, kwa hiyo karibu na ukingo tumieni za gundi ya epoksi. Na vumbi la shimo lipulizwe na lisuguliwe litoke lote kabla ya gundi kuingia, maana gundi ikishika vumbi, boliti inatoka nayo kwa mkono. Ukimwona fundi anajaza gundi bila ya kupuliza shimo, msimamisheni palepale.

Njia yoyote itakayotumika, shingo ya nguzo isiwe kikombe cha maji. Saruji ya kujazia ipande kidogo juu ya zege na iteremke pande zote, mvua ikimbie. Mchanga wake uwe wa bara, usiwe wa pwani, na maji yasiwe ya chumvi. Chumvi ikizikwa pamoja na chuma, kutu inaanza kwa chini tusikokuona. Kutu inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa, ndiyo maana mnaona vidato vimepasuka kuzunguka nguzo na mnadhani zege lilikuwa baya. Paipu zote zifungwe vichwa. Uwazi mmoja tu unatosha kuingiza unyevu wa kusi.

Galvanaizi ni chuma kilichovishwa zinki, na moto wetu wa kuchomelea unaiunguza zinki yote kuzunguka kiungo. Pale pale penye kiungo ndipo kutu inapoanzia. Kiungo kisagwe kwa grainda kiwe laini, kisafishwe mpaka king'are, kisha kipakwe rangi ya zinki mipako miwili kabla ya rangi ya juu. Ule moshi mweupe wa zinki nao unawapa mafundi homa na baridi usiku ule. Vijana wetu wanaambiwa wanywe maziwa, na maziwa hayazuii kitu. Unatakiwa uisage zinki kabla ya kuchomelea, ukae upande unaotoka upepo, na uvae barakoa ya moshi. Mkiandika mikataba, andikeni na hilo.

Wapo watakaotaka stenlesi kwa sababu inang'aa. Ni nzuri, lakini si kila stenlesi inaihimili bahari. Gredi 304, inayopatikana zaidi, karibu na pwani inatoka madoa ya kahawia. Inayofaa ni 316, yenye molibdeni ndani yake, na bei yake ni kubwa zaidi. Kama fedha ya 316 haipo, bora galvanaizi nzito iliyotunzwa kuliko stenlesi ya rahisi. Rangi ya juu iwe ya njano au nyeupe: mwenye macho hafifu aione dhidi ya zege la kijivu, na saa saba ya mchana isiunguze kiganja kama nyeusi inavyounguza.

Nikichukua ngazi ya kawaida ya vidato vinane, kimo sentimita 15, kanyagio sentimita 30, hesabu yangu ni hii: kila upande unakula kiasi cha mita tatu na nusu za paipu ya kushikia pamoja na marefusho yake, na nguzo tatu za mita moja moja. Pande mbili ni mita 13. Paipu inauzwa kwa urefu wa mita 6, kwa hiyo ni paipu tatu, na mnabaki na kipande cha kutengenezea ile ya chini ya watoto kwa upande mmoja. Ongezeni gundi, boliti, rangi na ujira wa fundi na msaidizi wake. Waheshimiwa, jengo zima lenye paa, umeme, marumaru na feni limekamilika, na kinachokosekana mlangoni ni paipu tatu. Siamini kuwa fedha ndiyo kikwazo. Hakikuandikwa tu. Kwenye orodha ya kazi na bei pana mstari wa rangi, mstari wa vitasa, mstari wa masinki. Mstari wa chuma cha ngazi ya nje haupo, na mkandarasi hafanyi kazi ambayo hailipwi.

Mstari huo uwekwe, na uandikwe kwa maneno kamili, usiandikwe "kishikio" peke yake: paipu ya duara ya galvanaizi ya inchi moja na robo, ukuta mzito, pande zote mbili, kimo sentimita 90, marefusho ya juu na ya chini, ncha zilizokunjwa, viungo vilivyopakwa zinki. Siku ya makabidhiano mhandisi akisukume kukijaribu kabla hajatia saini. Kanuni za Marekani nilizozitaja zinataka kishikio kihimili kiasi cha kilo 90 kikisukumwa upande wowote. Watu wawili wazima wakiegemea katikati ya nguzo mbili wakasukuma, mtajua. Kikitikisika, hati isisainiwe.

Rampu ni haki nyingine na inadaiwa peke yake. Mwenye kiti cha magurudumu hasaidiwi na chuma cha ngazi, na rampu yenyewe inahitaji vyuma vyake pande mbili. Msije mkamwambia mmoja kuwa mwenzake ameshapewa.

Kwa ngazi zilizokwisha jengwa, anzeni na hospitali na vituo vya afya, kisha skuli, kisha afisi. Kila shehia ina sheha anayezijua ngazi zake zote. Apewe karatasi moja aandike: jengo gani, vidato vingapi, upana gani, chuma kipo au hakipo, kikiwepo kimeoza au kizima. Kazi yenyewe igawanywe kwa mafundi wa Chake, Wete, Mkoani na Micheweni, ambao watakuwepo pale kitakapolegea. Na kila mwaka kabla ya masika, mtu apite na msasa, brashi na kopo la zinki, na ukoga usuguliwe kwenye vidato. Siku moja kwa jengo inatosha.

Mtutangazieni ni afisi gani Pemba itakayozipokea karatasi hizo, na nani aulizwe chuma kikianza kucheza. Ya shehia yangu nimeshaanza kuiandika pamoja na sheha, na tutaileta mara mtakapotutajia pa kuipeleka.

Wassalaam,
Fundi wa vyuma, Chake Chake, Pemba